Mpaka wa Mfumo

Hapa Zabrze Januari haina rangi.
Moshi wa asubuhi unakaa kimo cha dirisha
na tramu inautoboa kwa taa moja, ile ya kushoto.
Mimi na kikokotoo changu tunakwenda Gliwice
kusoma jinsi ya kuishi bila kile
kilichonilisha hadi leo.

Mwaka wa tatu. Uhandisi wa kemikali, mkondo wa nishati.
Shangazi Hildegarda akiulizwa kanisani
hujibu, "Anasomea mabomba."
Hajakosea sana.

Sheria ya kwanza tuliyopewa na Dokta Piechota,
mwanamke mfupi, chaki hadi kwenye nyusi,
ilikuwa nyepesi kama ya muuza duka:
kilichoingia, toa kilichotoka,
ndicho kilichobaki ndani.
Akachora sanduku kwa mstari wa nukta nukta.
"Kabla ya hesabu, chora mpaka.
Asiyejua mpaka wake atahesabu mbingu na nchi."

Nikahesabu pampu. Nikahesabu mnara wa kunereka
uliogoma siku nzima kwenye nyuzi sabini na nane,
Bogusz akiubembeleza kama ng'ombe asiyetaka kukamuliwa.
Nikafeli thermodinamika kwa alama mbili,
nikalia chooni, ghorofa ya tatu,
kisha nikanunua andazi la jamu ya waridi.
Septemba nikaurudia mtihani,
nikapita kwa kuchechemea.

Mwezi huu tumeagizwa: pimeni jiko la nyumbani.

Babu Alojz alishuka mgodini miaka thelathini na moja.
Mgodi ulifungwa, pampu zikazimwa,
lakini makaa bado humfuata, gunia kwa gunia,
na mengine yalishatangulia kifuani.
Alikalia ndoo, akinitazama
nikifunga kipimajoto kwenye bomba la moshi,
nikipima majivu kwa mizani ya unga ya mama.
Usiku wa manane nikampa jibu:
asilimia arobaini na moja.

"Ya nini?"
"Ya joto. Ndiyo inayobaki chumbani."
"Na hiyo nyingine?"
"Hasara, Babu."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata,
kile kirefu, kinachopanda ngazi moja moja.
Nikangoja. Mtu hujifunza kungoja.
Kisha akanishika mkono, tukapanda darini,
na pale, kandokando ya dohani ya matofali,
njiwa wake kumi na tisa
wamejipanga kama foleni ya siku ya mshahara,
vifua vimetuna, macho nusu,
migongo yote kwenye ukuta wenye joto.
"Hasara," akasema. "Haya, waambie wewe."

Sikuwaambia.
Nilitazama mgongo wake ukipanda na kushuka ndani ya fulana,
nikaliona lile sanduku, nukta nukta,
kilichoingia, toa kilichotoka,
na sikutaka kuimaliza hesabu ile.

Ripoti yangu ina mchoro mbaya.
Mpaka unalizunguka jiko, unapanda na dohani,
unapita darini, unawakumbatia ndege.
Dokta Piechota ameuzungushia wino mwekundu:
"Njiwa wana uzito gani? Onyesha hesabu."

Leo nimemkamata wa kwanza, mwenye doa bawani.
Gramu mia nne na kumi, kwenye mizani ya unga.
Ananitazama kwa jicho moja la rangi ya shaba
na moyo wake, chini ya kidole changu,
unakwenda mbio kuliko pampu yoyote niliyoisoma.
Babu ndiye anayeandika namba.
Bado kumi na wanane.